Mkeka, Kuku na Gasketi ya Baba

Si kweli kwamba siku ile nilikuwa naenda ziwani kuosha mkeka. Nimelisema jambo hilo kwa zaidi ya miaka arobaini. Nimelisema mbele ya mama yangu, mbele ya padri, na mara moja mbele ya mchumba wangu, ambaye alikuwa ameshasimuliwa mashaka yote na shangazi yangu. Kila mara nililisema kwa uso ule ule mkavu ambao siku hizi nautumia kuwaambia wanafunzi kwamba nimesoma kazi zao zote hadi mwisho. Mkeka ule ulikuwa safi. Ninawaambia ninyi, kwa sababu humu nyumbani sasa hakuna tena wa kumficha.

Kinachonirudisha kule ni kahawa ya maziwa. Wenzangu chuoni huinywa asubuhi kwa raha zao. Mimi nikitazama kikombeni, ile rangi ya udongo mwepesi na lile povu linalozunguka juu, naona mafuta ya injini yaliyoingiliwa na maji. Mara puani najiwa na mvuke wa moto, mpira ulioungua, na jasho la wanakwaya. Ndiyo maana nakunywa chai.

Tulikaa Baraka, kando ya ziwa, katika miaka ya hamsini, enzi za Wabelgiji. Baba alikuwa na kamio, kama tulivyoita lori, aliyoinunua kwa Mgiriki mmoja ikiwa tayari imechoka. Mbele ilikuwa ya kijani, nyuma ilikuwa ya kutu. Ilipanda Fizi na samaki wakavu na chumvi, ikashuka na maharage na unga wa muhogo, na ilipopita watoto wote tuliikimbilia ili tuvute ule moshi wake, tukiamini unanenepesha. Lakini kwa Baba kamio ile haikuwa biashara tu. Wanaume wa kwetu walilazimishwa kulima pamba, watake wasitake, na aliyezembea alifuatwa nyumbani kwake. Baba aliachwa kwa sababu alikuwa mtu wa kamio. Siku kamio ikifa, jembe lilikuwa linamngoja, na yeye alilichukia jembe la pamba kuliko homa.

Barabara ya Fizi inapanda sana. Baba alikuwa na desturi ya kusimama katikati ya mlima, penye kijito, aipe injini maji. Hakuhitaji saa wala kipimo. Injini yenyewe, kabla ya kuchemka, ilianza kupiga mluzi mwembamba kama birika, naye alisikia, akasimama, akafungua boneti, akainywesha kama mtu anavyomnywesha mgonjwa.

Siku ya msiba wetu alikuwa amebeba kwaya. Parokia ya Fizi ilikuwa na sikukuu, na kwaya yetu ya Baraka ilikuwa imealikwa kwenda kuimba pamoja na kwaya ya huko, ambayo, kwa maoni ya watu wote wa Baraka, ilijiona. Basi walianza mazoezi tangu kuondoka, wamesimama nyuma ya kamio, wameshikana mabega, ngoma mbili katikati. Mimi nilikuwa mbele, nimebanwa kati ya Mama na mlango. Baba mwenyewe alikuwa mwimbaji wa besi, tena wa kutegemewa, na hakuona sababu ya kuinyima kwaya sauti yake eti kwa kuwa ameshika usukani. Shangazi yangu Tabu, dada yake mdogo, ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Anasema hadi leo kwamba alisikia mluzi. Alidhani ni mama mmoja wa sauti ya tatu aliyepotea, akamkazia macho anyamaze. Yule mama akanyamaza. Mluzi ukaendelea. Shangazi akamkazia macho mwingine.

Tulipofika penye kijito, wimbo ulikuwa kwenye aya tamu, na Baba akapita.

Moshi mweupe ulipotoka, ulitoka kama tumechoma kijiji. Baba alichomoa kile kijiti cha kupimia mafuta akakitazama, na mimi nikakiona: kahawa ya maziwa. Kwaya ikashuka, ikapanda mlima uliobaki kwa miguu, ikafika Fizi imekauka koo, na kati ya kwaya mbili ikawa ya pili. Kamio ilirudishwa Baraka kwa ule mteremko, injini kimya, wanaume wakiishika nyuma kwa kamba isije ikakimbia, na njiani hakuna aliyeimba.

Fundi aliitwa kutoka Kazimia. Jina lake Ramazani, Mwislamu wa pwani ya ziwa, mrefu, mwenye kofia nyeupe ambayo hata siku moja haikupata doa la mafuta, jambo ambalo Mama alilistaajabia kuliko ufundi wake. Alikuja kwa mashua na sanduku la spana, akafungua kichwa cha injini uani kwetu, chini ya turubai, akainua kitu chembamba chenye matundu, cha rangi ya shaba, akatuonyesha mahali palipoungua. Palikuwa pembamba kama njia ya sisimizi.

Bibi yangu, mama yake Baba, akakichukua kwa vidole viwili. "Njo hii kikaratasi inasimamisha kamio muzima?"

"Njo hii, Bibi," Fundi akasema, yaani ndiyo hii. "Jwenti. Na hapa Baraka haiko. Iko Usumbura, mwisho ya ziwa, kwa duka ya Mugiriki."

Gasketi ile, hiyo jwenti ya Fundi, iligharimu kiasi gani kwa faranga, siwezi kuwaambia. Sisi watoto tulijua bei ya vitu kwa kuangalia kinachotoka nyumbani. Mbuzi walitoka. Kitenge cha Mama, ambacho kilikuwa bado kinanuka duka na kilikuwa kinangoja Noeli sandukuni, kilitoka. Mwisho ilitoka kinga ya Baba, yaani baiskeli yake, ambayo alikuwa akiipangusa kila Jumamosi kabla ya kutupangusa sisi. Yule mnunuzi alipokuja kuichukua, Baba aliomba dakika moja, akafungua kengele, akaitia mfukoni. Mnunuzi alitaka kulalamika, kisha akamtazama usoni akaona bora aondoke bila kengele.

Jwenti ikaja kwa mashua, imefungwa kati ya mbao mbili kama kitu cha kanisani. Chapati ilikuwa nene kuliko hiyo. Sasa ikabaki kuifunga, na nyumbani hapakuwa na kitu kingine cha kutoka.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu watu wa kwetu. Kwetu mzaha hufanywa kwa uso wa mazishi. Anayecheka kwanza ndiye aliyeshindwa, na wazee wangu hawakuwa watu wa kushindwa. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, nilijua mito ya Ubelgiji ambayo sijaiona mpaka leo, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha shuleni namna ya kutambua kwamba mtu anatania.

Nilikuwa nimekaa kwenye gurudumu la akiba. Baba alisimama mbele ya Fundi Ramazani, aliyekuwa akikwangua masizi kwenye chuma, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, jwenti nimepata. Lakini mikono yako, njo sina tena ya kuilipa."

Fundi hakuinua macho. "Muke yangu anazala batoto banaume tu," alisema. "Nyumba imekuwa kambi ya basoda, bunduki tu inakosa. Munipe huyu Efrazia, tumalize." Efrazia ni mimi.

Baba akafikiri. "Umuchukue," akasema. "Lakini anakula."

"Na kupika hajui," Bibi akaongeza. "Anajua kusoma tu, na kujibu."

Mama alikuwa anapepeta unga, hakusimamisha ungo. "Aende na mukeka yake. Asirudi hapa kuiomba."

"Basi imeisha," Fundi akasema. "Siku kamio itawaka, naenda naye Kazimia."

Hakuna aliyecheka.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, tena kwa bidii, nikingoja mtu anisikie. Hakuna aliyenisikia, kwa sababu Fundi alikuwa anagonga chuma. Nilipochoka kulia nikarudi, nikaizunguka kamio polepole, nikaitazama magurudumu yake, taa zake, ubao wake wote ule, na aibu ninayoona kuandika hivi ni kubwa kuliko ile ya mkeka: nilijisikia fahari. Kumbe mimi ni wa bei hiyo. Kesho yake nilimwambia jirani yangu wa dawati kwamba nimebadilishwa kwa motokari. Alikuwa mtoto wa mvuvi, na alininunia kutwa nzima, maana yeye hakuwahi kubadilishwa hata kwa wavu.

Juma lile Mungu nilimpa kazi ngumu. Asubuhi nilimwomba kamio isiwake. Jioni nilimwona Baba amekaa mlangoni, anachonga mpini wa jembe bila kuutazama, macho yake yako kwenye turubai, nami nikamwomba Mungu asahau ya asubuhi.

Siku ya kuwasha, kwaya nzima ilikuja, nadhani kwa kujiona ina hatia. Fundi alikaza boliti akianzia katikati na kwenda pembeni, huku kidogo na huku kidogo, kama Mama alivyokaza kamba ya mzigo. Akamwaga maji kwenye rejeta, akangoja, akasikiliza. Baba akapanda. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza, halafu ikanguruma, na kila kitu uani kikatetemeka, hata vyungu. Baba alikuwa amefunga ile kengele ya kinga mlangoni mwa kamio. Akaanza kuipiga kama mtoto, kring kring, na kwaya ikaanza wimbo ule ule uliotuponza, tangu aya ya kwanza.

Mimi niliingia ndani, nikafunga vitu vyangu.

Nilikunja mkeka, nikaweka ndani yake gauni la shule na kitana. Kisha nikamchukua kuku wangu. Alikuwa wangu kweli, Bibi alinipa nilipomaliza kujifunza sala. Kuku hakuwa ametajwa kwenye mapatano, lakini nilikuwa nimeyafikiria sana mambo haya: kama ninakula na kupika sijui, basi Fundi alikuwa anapunjwa, na ilikuwa haki kumwongezea kitu.

Kwenye njia ya ziwani nilikutana na Shangazi Tabu, amechelewa, anakimbilia wimbo.

"Unaenda wapi?"

"Kuosha mukeka."

"Na kuku?"

"Ananifuata," nilisema. Kuku alikuwa kwapani.

Mashua ya Kazimia ilikuwa inapakia chumvi. Nilipanda, nikakaa kati ya magunia, kuku mapajani, miguu pamoja, kama nilivyoona watu wazima wakisafiri. Baadaye akaja Fundi Ramazani na sanduku lake. Aliondoka kwetu wakati watu wanaimba, na leo najua kwa nini: hakutaka kumkuta Baba akiona haya juu ya lile neno la malipo. Alinikuta mimi.

"Efrazia. Unafanya nini mu mashua?"

"Kamio imewaka," nikamwambia. "Njo nimekuja."

Aliweka sanduku mchangani. Alivua kofia yake nyeupe, nikaona nywele zake kwa mara ya kwanza, na kwa mara ya kwanza kofia ile ikapata alama ya kidole cheusi. Wapiga makasia walianza kucheka. Aliinua mkono bila kugeuka, wakanyamaza.

"Na kuku ni ya nini?"

"Ni juu ya chakula. Banasema ninakula."

Akaingia mashuani, akainama, akaupokea ule mkeka kwa mikono miwili, kama mtu mzima anavyopokea kitu cha mtu mzima.

"Muzuri," akasema. "Nimekupokea. Sasa uko mutoto yangu. Na mutoto anatumwa, si hivyo?"

Nilikubali.

"Uliona batu ya Minembwe? Mutu anapata ngombe, anaiacha kwa mwenzake amutunzie. Na mimi nakuacha kwa Baba yako. Urudi, ukae kwake, unitunzie ile kamio. Usiache inywe maji vibaya. Siku nitakuhitaji, nitakuita. Kuku naenda naye."

Alinirudishia mkeka. Nilishuka kutoka mashuani kama mtu aliyepewa cheo.

Shangazi alikuwa ananingoja uani. Aliugusa mkeka kwa kiganja, upande huu na upande ule.

"Umeosha, umekauka?"

"Jua," nilisema. Manyunyu yalikuwa yameanza. Kuhusu kuku nilisema kicheche, na kwa kuwa sikuwahi kuona kicheche anayekamata kuku mkononi mwa mtu mchana, nililia kidogo ili maswali yaishe.

Miezi ilipopita na kamio ikifanya kazi, Baba alimpelekea Fundi gunia la maharage kutoka Fizi. Lilirudi na mashua ile ile, pamoja na neno: nimeshalipwa. Akatuma pesa. Zikarudi na neno lile lile. Nyumbani wakagawanyika. Mama alisema ni Mungu. Baba alisema ni ule wimbo, umemgusa, ijapokuwa ni Mwislamu. Bibi alisema Ramazani anamwogopa yeye, na ana haki. Ni mimi peke yangu sikushangaa. Bila shaka alikuwa amelipwa, nilikuwepo. Kila asubuhi kabla ya shule niliizunguka kamio, nikapanda kwenye bampa, nikachungulia maji. Baba aliwaambia watu kwamba binti yake anapenda mashine. Sikupenda mashine. Nilikuwa kazini.

Kamio ile ilikufa baadaye sana, kifo cha kawaida, kwa uzee, na kilichobaki ni kengele ya kinga. Iko mezani kwangu hapa Bukavu, inazuia insha za wanafunzi zisipeperushwe na upepo.

Nilikwenda chuo kikuu. Nilisoma vitabu vinene juu ya bei na mabadilishano, nikaandika tasnifu ndefu juu ya pamba ya kwetu ambayo watu wanne waliisoma, mmoja wao akiwa mpiga chapa. Katika kurasa zote zile sikutaja kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuwa bei ya kitu. Nilikuwa nimeanza kuona haya: mtoto mwerevu gani anashindwa kujua kuwa anataniwa? Ilinichukua miaka mingine mingi kuona upande wa pili. Hadithi ya mtoto aliyejileta mashuani na kuku wake ingempa Fundi Ramazani chakula cha bure katika kila bandari ya ziwa lile. Watu wangelia kwa kucheka. Naye hakuisimulia. Wapiga makasia nao, sijui aliwaambia nini, hawakuisimulia. Kama angeisimulia, ingefika Baraka kabla ya juma kwisha, na Baba angejua kwamba binti yake alimchukulia kuwa mtu anayeweza kumtoa mtoto kwa kipande cha shaba. Baba alikufa bila kujua hivyo. Gasketi ililipwa na Baba, kwa mbuzi na kinga. Mikono ya Fundi ililipwa na nani? Nadhani alijilipa mwenyewe, kwa kunyamaza, na mimi ndani ya kimya chake nikapata nafasi ya kudanganya kwa raha miaka yote hii.

Lakini Shangazi Tabu hakuwa amelisahau kwapa langu na kuku aliyekuwa ndani yake. Sasa ni bibi kizee, anakaa nami, na kila anayesikia ametoka Kazimia humwita ndani, humpa chai, humuuliza kama yule Fundi Ramazani bado yuko hai. Mwaka huu mama mmoja muuza samaki alimwambia yuko. Shangazi akampa namba yangu ya simu bila kuniuliza.

Ikalia Jumapili moja, baada ya misa. Shangazi alikuwa anachagua maharage kwenye sinia.

"Allô," sauti ya mwanamke ikasema. "Ni kwa mama Efrazia wa Baraka?"

"Njo miye. Ni nani mwenzangu?"

"Na miye ni Efrazia."

Nilisema hapana, nadhani hujanisikia, Efrazia ni mimi. Akasema amenisikia vizuri, yeye pia ni Efrazia, Efrazia binti Ramazani, wa Kazimia. Alizaliwa mwaka uliofuata ile habari ya kamio, msichana wa kwanza baada ya wale wavulana wote. Baba yake alipolitaja jina, mwalimu wa msikiti alikataa, ukoo ulikataa, mama yake aliuliza ni jina la dawa ya nini. Baba yake aliwaambia jina hili limeshalipwa, na limekuja na kuku. Hakueleza zaidi, mpaka majuzi muuza samaki alipofika. Yeye amekuwa Mwislamu pekee anayeitwa Efrazia katika pwani nzima, shuleni walimcheka, kwenye harusi yake walimcheka, na alikuwa anataka kwa muda mrefu kusikia sauti ya mtu wa kumlaumu.

"Somo," nilisema, kama anavyoitwa mwenye jina moja nawe.

"Kuku yako ilizala sana, somo," akasema. Nyuma yake nikasikia sauti nyingine, nzito, ya mtu asiyesikia vizuri. "Ngoja. Baba iko hapa. Anauliza kitu moya tu. Ile kamio alikuachia, uliitunza?"

Niliziondoa insha. Nilichukua kengele, nikaiweka karibu na simu, nikaipiga. Kule Kazimia mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na binti yake akacheka, na mimi nikacheka kwanza au mwisho, sijui, mashindano yale yalikuwa yamekwisha zamani.

Nilipoweka simu chini, Shangazi hakuwa ameinua macho kutoka kwenye maharage. Alitoa jiwe dogo, akalitupa nje ya dirisha.

"Sasa ule mukeka," akasema. "Uliuosha, ao hapana?"

"Hapana, Shangazi," nikasema. "Sikuuosha."